Filta Inang'aa, Bomba Je?

Saa tano usiku, wateja wakishaondoka, katika mgahawa wa chipsi na kuku kuna kazi ambayo kwa kawaida humwangukia aliyeajiriwa mwisho. Anapanda juu ya stuli, anachomoa filta zilizo juu ya majiko, anazitumbukiza kwenye karai la maji ya moto na sabuni, anazisugua na kuzirudisha. Asubuhi meneja anapita, anainua macho, anaona chuma kinang'aa, anaendelea na shughuli zake. Mkaguzi akija, naye huinua macho pale pale.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Filta ni sehemu ndogo ya mfumo wa kutolea moshi jikoni, ila ndiyo inayoonekana kwa urahisi. Nyuma yake kuna uwazi wa hudi, lile paa la bati linaloning'inia juu ya majiko. Kutoka hapo bomba la moshi hupenya dari na pengine kupanda ghorofa tatu au nne, na juu ya paa la jengo ipo feni inayovuta hewa yote. Mgahawa unaoosha filta kila siku na kuyaacha hayo mengine mwaka mzima bado haujautunza mfumo wake.

Ili kuona kwa nini, inabidi kuyafuata mafuta yenyewe. Chipsi hukaangwa kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 170 hadi 190 hivi. Viazi vibichi vikiingia, maji yaliyomo hugeuka mvuke papo hapo na kurusha matone ya mafuta hewani. Mengine huonekana kwa macho, mengine hayafiki hata maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Na pamoja na matone hayo hupanda mvuke wa mafuta, ambao uko katika hali ya gesi kabisa.

Filta ya kawaida ya mgahawa, ile yenye vipande vya bati vilivyokunjwa na kupishana, huilazimisha hewa ikate kona. Hewa ni nyepesi, hugeuka. Tone zito linashindwa kugeuka, linagonga bati, linateremka hadi kwenye mfereji mdogo ulio chini na kuishia kwenye kikombe cha kukusanyia mafuta. Ni ufundi safi usiohitaji mota wala waya. Una mpaka wake, hata hivyo. Matone ya maikroni 10 na zaidi hunaswa kwa wingi, yaliyo chini ya maikroni 5 mengi hupita na hewa, na mvuke hauzuiliki. Mvuke huo ukikutana na bati lililopoa huko mbele, kwenye kona ya bomba au kwenye mapanga ya feni, hurudi kuwa mafuta na kushika hapo hapo. Wiki zikipita, joto na hewa huyageuza kuwa utando mgumu wa kahawia ambao sabuni ya vyombo haiugusi. Filta iliyooshwa dakika hiyo hiyo haiwezi kulizuia jambo hili.

Usiku wa tarehe 29 Agosti 2007, zimamoto wa jiji la Boston, Marekani, waliitwa kwenye mgahawa wa vyakula vya Kichina katika mtaa wa Centre Street, eneo la West Roxbury. Walipoingia, ukumbi haukuwa na dalili za moto mkubwa. Moto ulikuwa juu ya vichwa vyao, umejificha katika nafasi iliyo kati ya dari na paa. Baada ya dakika chache ukashuka kwa ghafla na kuujaza ukumbi. Wazima moto wawili, Paul Cahill na Warren Payne, walipoteza maisha. Uchunguzi ulirudi hadi kwenye mafuta yaliyokuwa yamerundikana katika mfumo wa kutolea moshi wa jikoni. Leo katika jimbo la Massachusetts mtu hawezi kufanya kazi ya kusafisha mifumo hii bila cheti cha umahiri kinachotolewa na mamlaka ya zimamoto ya jimbo.

Namna moto wa aina hii unavyosafiri inajulikana vizuri. Mwali unaruka kutoka kwenye kikaango au karai, unapenya filta, unakuta utando wa mafuta upande wa pili. Mafuta ya kupikia hujiwasha yenyewe yakifika nyuzi 360 hivi, na yakishika moto ndani ya bomba, feni inayoendelea kuzunguka huyapelekea hewa mpya na kuuvuta mwali mbele. Bati linapata joto kali, na mbao ya paa iliyolikaribia inawaka kutokea nje ya bomba. Ndiyo maana kanuni ya NFPA 96, inayotumika Marekani na kufuatwa na wahandisi wa nchi nyingine nyingi, hutaka kuwe na nafasi ya milimita 457 kati ya bomba la kawaida na kitu chochote kinachoweza kuungua. Mpishi aliye chini anaweza kuuzima moto wa kikaango chake, akafuta jasho na kuendelea na oda, wakati juu ya dari kazi ndiyo kwanza imeanza.

Basi kipimo cha mfumo ni unene wa mafuta yaliyo ndani yake. Mafundi hutumia kitana kidogo chenye meno yaliyokatwa kwa urefu tofauti. Kinaburutwa juu ya utando, na alama ya jino la mwisho linalogusa mafuta ndiyo inayosomwa. Wengine hutumia kifaa cha elektroniki kinachopima umbali kati ya ncha yake na chuma kilicho chini ya utando. Nchini Uingereza, mwongozo wa TR19 Grease unaotolewa na chama cha wakandarasi wa huduma za majengo, BESA, huchukua wastani wa vipimo vya mfumo mzima, na wastani ukifika maikroni 200, mfumo unatakiwa kusafishwa. Maikroni 200 ni karatasi mbili za fotokopi zikiwekwa pamoja. NFPA 96 yenyewe huangalia sehemu moja moja: popote kwenye bomba utando unapofika maikroni 2,000, yaani milimita mbili, pasafishwe, na baada ya kazi kisibaki kitu kinachozidi maikroni 50.

Namba hizo zinatofautiana kwa sababu moja ni wastani na nyingine ni ya mahali mahususi. Kwa mwenye mgahawa wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kuchagua kati ya hizo mbili ni jambo dogo kuliko kukubali kupima kwenyewe. Jiko ambalo halijawahi kupimwa hata mara moja halina namna ya kujua lisafishwe lini.

Kuhusu ratiba, kanuni hizo mbili zinakaribiana. NFPA 96 hutaka jiko la mkaa au kuni likaguliwe kila mwezi. Linalofanya kazi saa 24, linalobanika nyama juu ya moto wa wazi au linalotumia karai za Kichina, kila miezi mitatu. Jiko la kazi ya wastani, kila miezi sita. Na lile la matumizi madogo, kwa mfano la kanisa, mara moja kwa mwaka. TR19 huhesabu saa za kupika: saa 12 hadi 16 kwa siku, usafi kila miezi mitatu.

Ukilinganisha na sheria za kwetu, kuna pengo. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi hutaka ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja katika miezi 12. Tanzania Bara nako Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo na kutoa vyeti. Ukaguzi huo ni wa jengo zima: milango ya dharura, mitungi ya kuzimia moto, nyaya, vibao vya kuelekeza. Ni kazi ya lazima, ila kwa kibanda cha nyama choma kinachowaka mkaa kuanzia saa nne asubuhi hadi usiku wa manane, cheti cha mwaka hakisemi lolote kuhusu hali ya bomba mwezi wa saba. Kwa kipimo cha NFPA 96, kati ya ukaguzi mmoja wa mwaka na unaofuata jiko hilo lilipaswa kuangaliwa mara 12.

Mkaa una mambo yake. Hutoa masizi, na masizi yakichanganyika na mafuta ya nyama huwa kuni nzuri kupita kiasi. Pia hurusha cheche, na kwa sababu hiyo NFPA 96 hutaka jiko la mkaa liwe na njia yake ya moshi, lisichangie bomba na kikaango cha chipsi, na filta ziwe angalau mita 1.22 juu ya sehemu ya kuchomea. Kwa majiko mengine inatosha milimita 457. Tanzania sasa ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo jikoni nyingi za hoteli, shule na vyuo zinahamia gesi. Zinazohama zinafaa kusafisha bomba lote kabla ya kuwasha gesi siku ya kwanza, kwa sababu masizi ya miaka ya mkaa yanabaki pale pale yakisubiri mafuta mapya.

Turudi kwenye filta, kwa kuwa hata hiyo inayooshwa kila siku hukosewa sana. Kosa kubwa kuliko yote ni kuiondoa. Moshi ukianza kurudi jikoni, mpishi huchomoa filta moja "ili feni ivute vizuri", na kweli moshi unapungua. Kilichotokea ni kwamba mafuta yote, makubwa kwa madogo, yamefunguliwa mlango wa bomba, na mwali nao umefunguliwa. Kosa la pili ni kuacha nafasi ya vidole viwili kati ya filta na filta, au kuziba pengo kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Hewa hutafuta njia nyepesi, na pengo ndiyo njia nyepesi. La tatu ni kuigeuza filta mikunjo yake ilale badala ya kusimama. Ikilala, mafuta hayateremki kwenye mfereji, yanatuama ndani ya mikunjo juu ya moto. Filta inapaswa pia kuinama kwa nyuzi zisizopungua 45 kutoka usawa wa sakafu, kwa sababu hiyo hiyo ya kuyapa mafuta njia ya kuteremka.

Filta za wavu wa waya, zile zinazofanana na za nyumbani, hazina nafasi juu ya jiko la biashara. Hunasa mafuta vizuri kwa muda mfupi, kisha huyashikilia zenyewe, hewa inakosa pa kupita, na siku mwali ukiruka wavu wote unawaka. NFPA 96 haizikubali zikitumika peke yake.

Uoshaji wenyewe nao una hatari zake. Maduka mengi ya vifaa vya usafi huuza dawa kali za kuondoa mafuta zenye kostiki soda. Kwenye filta ya chuma kisichoshika kutu dawa hizo hufanya kazi vizuri. Kwenye filta ya alumini huanza kuila alumini yenyewe. Mapovu yanayoonekana ni gesi ya hidrojeni, inayowaka, na baada ya mizunguko kadhaa bati huwa jembamba, lenye madoa meusi na kingo zilizoliwa. Chuma kisichoshika kutu nacho kina adui wake, klorini. Kikilowekwa kwenye jiki mara kwa mara, hupata vishimo vidogo vidogo, na kwenye miji ya pwani chumvi ya hewani humalizia kazi hiyo. Maji ya moto, dawa iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa chuma husika, brashi ya nailoni na muda wa kutosha wa kuloweka vinatosha. Mgahawa unaokaanga kutwa nzima uwe na seti mbili za filta: moja iko kazini, nyingine inakauka. Ndilo jambo la gharama ndogo linaloondoa kisingizio cha kupika bila filta wakati nyingine zimelowekwa.

Sasa juu ya paa, mahali ambapo watu wachache hufika. Feni ya moshi wa jikoni kwa kawaida ni ile ya ngoma, inayonyonya hewa katikati na kuitupa pembeni. Mapanga yake yakishika mafuta hupoteza umbo na uzito wake hauwi sawa pande zote. Mtetemo hufuata, kisha beringi huisha na mkanda hulegea. Mkanda uliolegea huteleza bila kelele kubwa, na hewa hupungua kidogo kidogo hadi wapishi wanazoea moshi.

Kuna hitilafu nyingine ambayo hata mafundi wazoefu huikosa. Mota za umeme wa fezi tatu huzunguka kinyume endapo waya mbili zitabadilishana nafasi, na hilo hutokea kirahisi mota ikibadilishwa, jenereta ikifungwa upya au laini ikifanyiwa matengenezo. Feni ya ngoma ikizunguka kinyume bado hutupa hewa upande ule ule wa siku zote, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Fundi anayesikia mlio na kuona moshi ukitoka juu atasema iko sawa. Kwenye ganda la feni huwa kuna mshale. Kuizima, kuisubiri ipunguze mwendo na kulinganisha mzunguko wake na mshale huo ni kazi ya dakika mbili.

Hewa inayotoka lazima ifidiwe na hewa inayoingia. Jiko lililofungwa madirisha ili mbu wasiingie, likiwa na feni kubwa juu, hunyonya hewa kutoka ukumbini, chooni na kwenye mabomba ya maji machafu. Mlango unakuwa mzito kufungua, miali ya gesi inalala upande mmoja, na majiko hayaungui vizuri, jambo linaloleta gesi ya kaboni monoksaidi. Kipande cha karatasi ya shashi kikishikwa kwenye ukingo wa hudi huonyesha mengi: kikivutwa ndani, hewa inakwenda, kikining'inia au kusukumwa nje, mfumo una tatizo hata kama filta zinang'aa.

Kisha kuna bomba, na hapa lawama ni ya wajenzi kabla ya kuwa ya wasafishaji. Mabomba mengi yamefungwa kwa mabati mepesi yaliyokunjwa na kubanwa kwa ribiti, yakazibwa kwa silikoni. Mafuta ya moto hupenya maungio hayo na kutiririka juu ya dari, mahali ambapo hakuna brashi itakayofika. NFPA 96 hutaka chuma cha unene wa milimita 1.37, au kisichoshika kutu cha milimita 1.09, na mshono uliochomelewa mfululizo hadi usipitishe maji. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na Gerezani, Dar es Salaam, wana mikono na mashine za kufanya kazi hiyo. Kinachokosekana ni mteja anayeiandika kwenye oda na kukubali kuilipia. Kanuni hiyo hutaka pia milango ya kusafishia kwenye kila kona ya bomba na, kwenye bomba lililolala, kila mita 3.7. Bomba lisilo na mlango halisafishwi, hata risiti ikisema limesafishwa.

Miji iliyobanana imelazimika kwenda mbali zaidi. China tangu 2001 ina kiwango cha taifa, GB 18483, kinachozuia moshi wa mafuta wa migahawa usizidi miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Beijing ikashusha hadi miligramu 1 kuanzia Januari 2019. Ili kufikia viwango hivyo migahawa hufunga vichujio vya umeme, ambavyo huyapa matone chaji na kuyavuta kwenye sahani za chuma. Hunasa hata yale madogo yanayoishinda filta ya kawaida. Vifaa hivi vimeanza kujulikana pia kwenye hoteli za Ghuba, ambako Waafrika Mashariki wengi wanafanya kazi jikoni. Ni vyema wajue kwamba sahani zikijaa mafuta, uwezo wa kunasa huporomoka wakati taa ya kijani bado inawaka, na cheche za umeme juu ya utando wa mafuta ni hatari mpya ambayo jiko halikuwa nayo. Mashine hiyo huongeza kazi ya usafi badala ya kuipunguza.

Moto si hoja pekee. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kukaanga kwa joto kali katika kundi la 2A, la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta moshi huo saa kumi kwa siku ni mpishi, na mara nyingi ndiye asiye na sauti ya kudai feni itengenezwe. Hilo peke yake lingetosha kuwa sababu.

Mfumo wa kuzima moto ulio ndani ya hudi nao unategemea usafi. Vipuli vya kupulizia dawa vikizibwa na mafuta, na viungo vya chuma laini vinavyotakiwa kuyeyuka kwa joto vikifunikwa na utando, dawa huchelewa au haitoki. Mfumo huo ukaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi sita. Wafanyakazi wote, hata wa zamu ya jioni, wajue mpini wa kuvuta uko wapi, na wajue kwamba maji hayamwagwi kwenye mafuta yanayowaka: yakigeuka mvuke hupanuka takriban mara 1,700 na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye hudi.

Mwenye mgahawa anayeitisha kampuni ya usafi mwezi huu aombe mambo haya kwa maandishi kabla ya kulipa: picha za ndani ya bomba na za feni, kabla na baada ya kazi, vipimo vya unene wa mafuta na mahali vilipochukuliwa, na orodha ya sehemu ambazo hawakuweza kuzifikia. Orodha hiyo ya mwisho NFPA 96 humtaka msafishaji aitoe, na ndiyo ya kusomwa kwanza. Kampuni ikijibu kwa picha za filta peke yake, atafute nyingine.